Daktari Alipiga, Mume Wangu Akapokea

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili, mama wa mabinti wawili, na nilikuwa mkulima wa mpunga na kakao kutoka Bujonde, wilayani Kyela. Nasema nilikuwa mkulima, maana sasa hata kuinua ndoo ya maji siwezi... Sikuzaliwa hivi!

Nilipojifungua binti wa pili, moyo wangu ulivimba. Miguu ilijaa maji, nikalazwa muda mrefu. Daktari aliniambia, mume wangu Ambakisye akiwa amekaa pale pale, kwamba mimba nyingine inaweza kuniua. Aliitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani akasema madaktari wanapenda kutisha watu. Alinisumbua mpaka nikaenda kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango. Haukupita muda, nikashika mimba!

Nilikwenda zahanati. Nikaeleza habari za moyo, nikauliza kama naweza kusaidiwa mapema, kabla mimba haijakua. Muuguzi alinitazama kama mwizi.

"Dada, mambo ya kuua hatufanyi hapa. Unataka tufungwe?"

Alisema kwa sauti, wajawazito wote kwenye benchi wakanigeukia. Hata presha hakunipima. Je, niliomba kuua, au niliomba kuishi?

Mdogo wangu Tumpe, anayeuza mitumba Bondeni, Kyela mjini, ndiye aliyenipa namba ya huduma ya kuongea na daktari kwa simu. Kwetu simu ilikuwa moja tu, ya mume wangu. Nikaiazima, nikasema nampigia mama, nikaenda upande wa mikakao ambako mtandao unashika.

Daktari alikuwa mwanamke. Aliniuliza ninavyolala, ninavyopumua, dawa gani niliacha. Hakunihukumu hata kidogo!

"Mama, kwa moyo huo usijaribu dawa yoyote ya kutoa mimba nyumbani," aliniambia. "Na sheria haimzuii daktari kuokoa maisha yako. Unatakiwa uonwe haraka hospitali kubwa, Mbeya. Naongea na wenzangu kule, halafu nakupigia nikwambie siku ya kwenda."

Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, huku nalia.

Nikangoja... Kila mume wangu aliporudi nilimuuliza kama kuna mtu amenipigia.

"Nani akupigie wewe?" alinijibu, akicheka.

Simu akawa haiachi tena nyumbani. Tumpe alikuwa amevuka kwenda Malawi kufuata biashara. Mvua zikajaza maji njia ya kwenda mjini. Nikajiambia, kama muuguzi alinifukuza, basi na huyu daktari amenikimbia. Nikanyamaza. Tumbo likakua, na pumzi ikazidi kuwa fupi...

Nilianguka shambani tukipandikiza mpunga. Nilikuwa nakohoa povu lenye damu. Majirani walinibeba mpaka barabarani, nikafikishwa hospitali ya Kyela, kisha Mbeya. Mtoto alifia tumboni. Mimi nilipona, kama huku ni kupona.

Tumpe aliporudi alikuja kuniuguza. Nikachukua simu yake, nikampigia yule daktari kwa hasira, nimuulize kwa nini alinitupa. Alinijibu taratibu.

"Mama, nilikupigia mara nyingi. Alipokea mwanaume, akasema ni mumeo, kwamba umebadili mawazo na nisipige tena. Kitanda chako kilikuwa tayari."

Kitanda kilikuwa tayari! Ambakisye hakukana. Alisema alitaka mtoto wa kiume, na kwamba Mungu angenilinda. Mungu aliyenitafutia kitanda, yeye akamkatia simu!

Leo nalelewa na mama yangu mzazi, jirani na bandari ya Itungi. Nakasirika, jamani. Mwanamke mwenye simu yake na nauli yake angekuwa Mbeya siku ile ile. Mimi afya yangu ilikaa kwenye mfuko wa suruali ya mtu mwingine. Na zahanati, kwa nini niliuliza swali la uhai wangu nikajibiwa kwa matusi? Kama hawawezi, si wangeniandikia rufaa tu?

Dada zangu, ukifukuzwa mlango mmoja usirudi nyumbani kunyamaza kama mimi. Simu isipokuja, azima ya jirani upige tena. Na daktari akikuomba namba, mpe ya mtu anayetaka uishi... Usidhani kila unayelala naye kitanda kimoja anataka hivyo.