Ini Chungu, Kadi Tamu

Foleni ya daktari wa masikio, pua na koo ina makelele kuliko foleni zote za hospitali. Nusu ya wagonjwa hawasikii, kwa hiyo wanapaza sauti, na nusu nyingine wanakohoa. Jumatatu ile viti vilijaa, watu wakaegemea kuta mpaka kwenye ngazi, na muuguzi akawa anaita namba ambazo hakuna aliyezisikia.

Mpishi alikuwa amekaa katikati yao, kichwa amekiinamisha. Alivaa gauni la bluu lililombana kiunoni na kitambaa cheupe kichwani, kimefungwa harakaharaka. Hakutaka kuonwa na mtu anayemjua.

"Binti mzuri huyu!" alipaza sauti bibi mmoja kiti cha pili. "Ana mume?"

"Shangazi, punguza sauti," alisema kijana aliyesimama nyuma yake.

"Si namuuliza tu!"

Watu waligeuka. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa mrefu, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi na mtu anayeijua pasi.

"Samahani, dada. Shangazi yangu anadhani kwa kuwa yeye hasikii, basi na sisi hatumsikii."

"Mwambie sina mume," alisema mpishi, akajishangaa mwenyewe.

"Shangazi, hana!"

"Nimesikia," alijibu shangazi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesikia kitu.

Wakacheka wote watatu. Kijana akaeleza kwamba alikuwa mhudumu wa hoteli, hoteli imefungwa, na sasa kazi yake ni kumsindikiza shangazi kwa madaktari. Mpishi akamwambia mahali anapofanya kazi, mgahawa wa Kifaransa chini ya jengo la ofisi za bima, wanatafuta mhudumu.

"Na wewe hapa unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimemsindikiza mtu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kati yao, na ulitoka kwa mpishi. Dakika ishirini baadaye daktari alimwangalia puani kwa taa ndogo, akamwambia kwamba ile homa kali ya miezi minne iliyopita imemwondolea uwezo wa kunusa. Huenda ukarudi baada ya mwaka. Huenda usirudi.

Mgahawa ulikuwa na meza kumi na mbili, vitambaa vyeupe, na mapazia mazito yaliyozuia jua la mchana. Chakula kilichovuta watu kilikuwa kimoja: ini la bata aliyenoneshwa, ambalo Wafaransa hulipitisha juu juu kwenye kikaango cha moto mkali na kuliita fuagra. Ini lile ni laini kama siagi, tena lina kiburi. Likizidishiwa sekunde chache tu, mafuta yake yanaungua na kuwa machungu, na macho hayaoni tofauti. Pua ndiyo inayojua. Kwa mpishi wetu, kitunguu na sabuni vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na ulimini alisikia chumvi kwa mbali sana.

Angeachaje kazi? Alianzia kuosha sufuria, akapanda kwa miaka tisa mpaka akakabidhiwa jiko lote. Mwenye mgahawa, mama mkavu waliyemwita Bi Mkubwa, hakuwa mtu wa kubembeleza. Mpishi asiyenusa angeambiwa avue koti jeupe siku hiyohiyo. Kwa hiyo alitafuta ulimi wa kuazima. Kila meza iliwekewa kadi za maoni na penseli. Wahudumu walizikusanya, wakampelekea jikoni wateja wakishaondoka, naye alizisoma moja moja. Zikisema chumvi imezidi, kesho yake alipunguza. Zikisema ini limeungua, alilitoa mapema. Wateja wasiomjua hata kwa sura ndio waliomwonjea, na kwa ujanja huo akamudu miezi minne.

Ndipo yule kijana wa foleni akaajiriwa, na kazi ya kukusanya kadi zote akapewa yeye.

Wahudumu wenzake walivaa tai za kipepeo za kubandika. Yeye alifunga yake mwenyewe kila asubuhi, na mpishi akampa jina la Kipepeo. Kijana naye alimwita Shefu, halafu Shefu wangu, halafu akaacha lile neno la kwanza. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, na jikoni pale mpaka muosha vyombo alikisikia.

"Shefu, meza ya nne wanauliza kama aliyepika ameolewa."

"Meza ya nne, au mhudumu wa meza ya nne?"

"Mimi mtumwa tu, nafikisha salamu."

"Waambie wale, ini linapoa."

Mpishi akifika nyumbani simu inaita kabla hajavua viatu.

"Umefika, roho yangu?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Mpishi anakula? Nimeshiba kwa harufu, mpenzi."

Alisema hivyo akicheka, kisha akakaa na simu mkononi, amechukia. Mara ngapi alitaka kumwambia! Lakini yule kijana alimtazama kama mtu anayetazama fundi asiyekosea, na yeye alikuwa amependa sana kutazamwa hivyo.

Basi sikilizeni ujinga wa mapenzi. Wateja wa fuagra hawakuwa wakipatana. Meza moja walikaa mume na mke. Mume akaandika: "Limeyeyuka mdomoni, nimefumba macho." Mke akaandika: "Chungu kama dawa. Huyu anafumba macho kwa sababu ameliagiza yeye." Mwingine aliandika kwamba kipande chenyewe kidogo mpaka uma umeona haya. Mwingine: "Bata anasukumiwa chakula kooni kwa bomba ili ini livimbe, nanyi mnaliwekea ua pembeni. Sirudi." Na kadi moja ilikuwa na neno moja tu, limeandikwa mara tatu: "Chumvi! Chumvi! Chumvi!"

Kipepeo aliisoma hiyo akiwa amesimama kaunta. Kupitia kidirisha cha mlango wa jiko alimwona mpenzi wake akijifuta jasho, naye akamwona, akatabasamu. Kadi ikaingia mfukoni.

"Mtu hajui kula, anaandika," alijisemea.

Kesho yake zikaingia mbili. Wiki iliyofuata alitafuta boksi la viatu, akaliweka kwenye kabati lake la nguo za kazi, maana kuzitupa aliogopa. Bi Mkubwa alipekua hata mapipa ya taka. Jikoni zikafika kadi za sifa peke yake, na Kipepeo alizipeleka kwa mikono miwili kama zawadi.

Mpishi alizisoma akaanza kuamini kwamba mikono yake imejifunza kupika bila pua. Akaacha kujichunga. Ini likakaa motoni, na chumvi ikaongezeka kidogo kila wiki.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii iliishia kwenye meza ya dirishani, siku ya Alhamisi, saa nane mchana.

Meza ile ilikuwa ya mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, aliyekula hapo kila Alhamisi kwa miaka tisa. Alisukuma sahani, akaomba aitiwe mwenye mgahawa na mpishi pia. Hakupaza sauti.

"Nimeandika kadi nne," alisema. "Ya kwanza nilisema ini limeungua. Ya pili nikasema hivyohivyo. Ya tatu niliuliza kama mpishi anaumwa. Ya nne niliomba tu mtu anijibu. Hakuna anayezisoma?"

"Mzee wangu, kadi zote zinakuja kwangu," alisema mpishi. "Sijaona hata moja."

Bi Mkubwa aligeuka taratibu kumwelekea mhudumu wa meza ile. Kipepeo aliliweka chini jagi la maji alilokuwa ameshika. Hakuulizwa mara mbili. Alikwenda kabatini, akarudi na boksi.

Mpishi alilibeba mpaka chumba cha baridi, mahali pekee penye mlango wa kufungwa, akazisoma akiwa amesimama kati ya maziwa na makreti ya mayai. Kadi thelathini na saba. Kipepeo aliingia alipofika ya ishirini.

"Sikutaka uumie," alisema.

"Nani alikwambia naogopa kuumia?"

"Unafanya kazi tangu alfajiri, halafu mtu anakaa nusu saa anakuandikia upuuzi. Mimi nakupenda, ningekuleteaje hizi?"

"Hivyo hivyo! Ungeniletea hivyo hivyo!" Sauti yake ilipasuka. "Unajua nilikuwa nazifanyia nini? Sinusi, Kipepeo. Hata sasa hivi, hapa, sinusi kitu. Siku ile hospitalini mgonjwa nilikuwa mimi. Hizi kadi ndizo zilikuwa ulimi wangu, na wewe umeukata, ukanifungia kwa utepe kama zawadi!"

Pumzi zao zilionekana katika ile baridi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa unanisifu."

"Na mimi nilisifu kwa sababu..." Hakuimaliza. Kila sababu aliyoishika ilikuwa ya uongo wake au ya uongo wa mwenzake. "Nisamehe."

"Toka nje," alisema mpishi. "Tafadhali."

Nje, Bi Mkubwa alikuwa ameshahukumu. "Wewe vua tai hiyo uende zako. Shefu, hukuletewa kadi, kosa si lako. Rudi jikoni, tumsahihishie mzee chakula chake."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Kijana alikuwa amekwisha kufungua tai, anaitazama sakafu, wala hakuonyesha dalili ya kumtaja. Mpishi alikuwa na hasira naye, na jiko la miaka tisa lilikuwa hatua sita nyuma yake. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa amechoka kuficha.

"Bi Mkubwa," alisema, "mzee ameuliza swali la haki. Mpishi anaumwa."

Alieleza yote mbele ya meza ya dirishani. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Pona kwanza," alisema. "Koti liache kwenye msumari."

Walitoka mlango mmoja, wakashika njia mbili.

Mpishi alihamia kwa dada yake. Alilala mchana, akaamka, akapika, akalala. Kijana alipata kazi kwenye ukumbi wa mikutano, akigawa chai, na kila siku saa za mapumziko alipiga simu. Haikupokewa. Wiki ya tano ilipokewa, lakini sauti haikuwa ile.

"Wewe ndiye Kipepeo?"

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu, mimi sijui mlichofanyiana. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu anapika kila siku na sisi tunakula kila siku, na mume wangu amekonda. Jumapili mchana njoo utusaidie."

"Yeye anajua?"

"Akijua si atakataa?"

Jumapili akaja, shati lile jeupe, mikono mitupu kwa woga. Mpishi alipomwona mlangoni alisimama na mwiko hewani. Alikuwa amekonda pia, kanga imefungwa kifuani, nywele hazijaguswa. Hakumfukuza. Alimwongezea sahani.

Ilikuwa nyama ya kukaanga na rojo la nyanya. Shemeji alitia tonge mdomoni, akameza, akanywa maji.

"Tamu sana," alisema, macho yamemlengalenga.

"Mkono wako haujapotea, mdogo wangu," aliongeza dada.

Mpishi aliwashukuru kwa sauti ndogo. Kisha akamtazama mgeni. Dada naye akamtazama, akimwonya kwa nyusi. Kijana alionja, akatafuna polepole, akaweka kijiko chini.

"Mbaya," alisema.

Shemeji alipaliwa.

"Nyama imeiva vizuri. Lakini nyanya zimeungua chini, na chumvi imezidi. Imezidi sana."

Mpishi aliinuka, akaenda jikoni. Kijana alimfuata huku dada akimtupia jicho la kuua. Alimkuta ameegemea meza, ameshika kingo zake, mabega yanacheza.

"Wiki tano nawalisha hawa takataka," alisema bila kugeuka, "na wananishukuru."

"Wanakupenda."

"Ndiyo. Kama wewe."

"Kama mimi," alikubali. "Mimi niliwatangulia kwa ujinga huo. Nimekuja kukuomba uolewe nami, pamoja na ujinga wangu, lakini kwanza niliambiwa nile."

Mpishi alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio katikati. "Usitanie. Mwanamke hana kazi, hana pua."

"Sitanii. Nataka kukuoa."

Aligeuka hatimaye. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilirudi kwa daktari juzi. Bado. Kila mtu ananiambia itarudi. Wewe niambie. Isiporudi je?"

Neno lilimfika kijana ulimini, lilelile la kila mtu, na lingekuwa jepesi kulisema. Alilimeza.

"Isiporudi, hutakuwa shefu tena," alisema. "Na utaumia sana. Nami sitakuwa na dawa. Nitakuwepo tu."

Alilia hapo kwa muda mrefu, na yeye hakumwambia anyamaze. Sebuleni vijiko vilikuwa vimetulia, wote wanasikiliza bila aibu. Mwishowe mpishi alijifuta uso kwa pembe ya kanga.

"Basi nenda kamwambie dada yangu kwamba wewe ni shemeji yake," alisema. "Na umwambie aache kunisifu."