Spana ya Mama Bomba Haichomelewi

Mtaani wanamwita Mama Bomba, na jina limemkaa. Ni fundi wa mabomba ya maji. Kila asubuhi huvaa buti zake, hutupia begi la vifaa begani, huyo anaondoka. Wapo waliomcheka. "Mwanamke na mabomba, wapi na wapi?" Aliwaacha wacheke. Siku hizi choo kikiziba, wao ndio wa kwanza kumpigia simu.

Siku moja alikuwa anafungua bomba kuu kwenye jengo la ghorofa. Mara spana yake kubwa ya bomba ikalia ka! Taya lake linalobana bomba likavunjika. Msimamizi wa jengo akakunja uso.

"Fundi, wapangaji hawana maji. Kama kesho huna spana, namwita mwingine."

Mama Bomba akarudi nyumbani amenuna. Spana ile alijinyima sana mpaka akaipata. Aliichagua kwa sababu muuzaji alimwambia ina dhamana ya maisha.

Mume wake ni mchomeleaji. Alipoona vile vipande, uso ukamchangamka.

"Lete hapa, mke wangu. Sasa hivi inapona."

Akavaa miwani, akashika mashine. Nyumba ile haijui kutupa kitu. Sufuria, kitanda, geti, vyote vina makovu ya mikono yake.

"Weka mashine chini!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa jirani yao, Shangazi Stoo. Alitunza stoo ya vifaa kiwandani mpaka alipostaafu.

"Shangazi nawe! Kwani nimekosa nini?"

"Ukichomelea, umeua dhamana. Dukani watasema nyinyi ndio mmeiharibu, na hamtakuwa na la kujibu. Usichomelee, usipige tupa, usitupe hata kipande kimoja."

"Hiyo dhamana ya maisha ni kitu gani hasa?" akauliza Mama Bomba.

"Ni ahadi, mwanangu. Kifaa kikivunjika kwa sababu chuma ni kibovu au kilitengenezwa vibaya, wanakupa kingine, hata kama umekitumia miaka. Ila kila kampuni ina masharti yake, yasome kabla hujanunua. Meno ya spana yakilika kwa kazi ya kila siku, mara nyingi hiyo haimo. Na ukiigeuza spana kuwa nyundo, au ukichomeka bomba kwenye mpini ili upate nguvu zaidi, umejiponza mwenyewe."

"Sijawahi!"

"Basi tuone."

Shangazi akapeleka kipande dirishani. Pale kilipovunjika, chuma kilikuwa na vitundu vidogo ndani, kama mkate.

"Umeona? Chuma hiki kilimiminwa vibaya kiwandani kilipoyeyushwa. Mpini hauna hata kovu. Na jina la kampuni limepigwa kwenye chuma chenyewe, si kibandiko cha kubandua, kwa hiyo si spana bandia. Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Nenda nayo. Na usikubali kuzungushwa."

Mume akaweka mashine chini shingo upande.

Asubuhi Mama Bomba akaingia dukani, akaweka vipande na risiti juu ya kaunta. Muuzaji hakuvitazama hata kidogo.

"Uliitumia vibaya, mama."

"Nionyeshe wapi."

"Vitu huvunjika tu."

"Nionyeshe wapi, nimesema! Iko wapi alama ya nyundo? Mpini umepinda wapi?"

Muuzaji akavigeuza vipande huku na huku. Hakuona kitu.

"Basi bosi hayupo. Njoo wiki ijayo."

Mama Bomba alichemka. Akavuta ndoo ya rangi, akaikalia mbele ya kaunta.

"Namsubiri hapa hapa. Mpigie simu."

"Unanizuilia wateja!"

"Siwazuii. Nawaeleza tu dhamana ya duka hili ikoje."

Na kweli akawaeleza, tena kwa sauti. Seremala mmoja alikuwa ameshika patasi mpya. Akairudisha mahali pake.

"Ngoja kwanza nisikie mwisho wa hii," akasema.

Muuzaji akapiga simu mbio mbio. Kisha akaleta spana nyingine, inang'aa kweli kweli. Mama Bomba akaipindua. Jina lilikuwa kwenye kibandiko tu.

"Hii mimi sikuinunua. Nataka kama ile yangu."

Akapewa kama ile yake, mpya, nzito mkononi.

"Haya mama," akasema muuzaji, "leo nimekusaidia."

"Hujanisaidia. Umenipa changu."

Akaenda moja kwa moja kwenye lile jengo. Kufika mchana maji yalikuwa yanatoka, na wapangaji walikuwa wanafua nguo.

Siku hizi mume wake akiletewa kifaa kilichovunjika, hawashi mashine. Huuliza kwanza kama kina dhamana. Kikiwa nayo, humrudisha mtu dukani na vipande vyake vyote.

"Na wakikuzungusha," humwambia, "kaa chini. Usiondoke."