Maji Mdomoni mwa Atuganile

Erasto alikuwa anafunga gereji. Gereji ni neno la heshima tu, maana kwa kweli kilikuwa kiwanja cha tope nyuma ya maduka ya Bulyaga, mabati sita juu ya nguzo, na kopo la grisi ambalo mbwa wa jirani alishalionja akajuta. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka, na magharibi inaingia. Mkewe, Atupakisye, alikuwa amemwagiza apitie dukani achukue chumvi.

Ndipo gari likaingia.

Halikuunguruma. Aliona taa mbili kwenye ukungu, kisha harufu ikamfikia... majani ya mgomba yaliyooza, na udongo uliochimbuliwa punde. Lilikuwa gari dogo jeupe, la zamani, la aina ambayo mafundi wa Tukuyu wanaijua kuliko wanavyowajua watoto wao. Kioo cha dereva kikashuka nusu.

"Ugonile, fundi," sauti ya mwanamume ikasalimia taratibu.

"Ugonile. Nimeshafunga, kaka. Njoo kesho."

"Kesho ulishaniambia."

Erasto akacheka kidogo. Wateja aliowaambia kesho wangejaza kanisa.

"Stelingi inacheza," sauti ikaendelea. "Na nina bibi humu ndani. Siwezi kuteremka naye Kyimo hivi."

Neno stelingi lilimkaa vibaya. Tangu mwezi wa tatu hakupenda kulisikia, na sababu yake alikuwa anaijua yeye peke yake.

Mwezi huo wa tatu kijana mmoja aitwaye Jacob alimletea gari kama hili, lenye shida kama hii. Erasto alikuta boliti ya jointi, ile inayobana shina la usukani kule chini karibu na miguu ya dereva, imekwisha meno. Boliti ya saizi yake hakuwa nayo. Akachukua nyembamba, akaizungushia kipande cha tambara la kufutia mikono ili ibane, akakaza. "Pita kesho nikuwekee yenyewe," alisema. Jacob alipita kesho yake. Erasto alikuwa ameinamia injini ya mtu mwingine, akamwambia hiyo inatembea tu, aje wiki ijayo. Siku ya nane gari lilikosa kona ya mashamba ya chai likaenda chini. Jacob hakutoka.

Hapo angeweza kusema. Siku ya mazishi, mbele ya kaburi, mzee Obed, baba wa marehemu, alimwuliza kwa upole kabisa, "Fundi, gari la mwanangu lilikuwa na tatizo?"

"Gari lilikuwa zima, mzee."

Maneno manne hayo. Basi, kama gari lilikuwa zima na dereva hakuwa mlevi, watu wakajua la kutafuta. Wakamtazama Atuganile, dada yake Obed, shangazi wa marehemu, aliyekuwa amegombana na Jacob kwa ajili ya kipande cha shamba la migomba. Wakamwita jina lile baya, mchawi. Wakamvunjia nyumba yake kule Matwebe kwa mawe, akakimbilia kwa binti yake Kyimo na kanga moja mabegani. Bibi huyo hakujitetea sana. Alisema neno moja tu, "Mwulizeni fundi tena." Hakuna aliyemwuliza.

Tangu hapo Erasto alikuwa halali vizuri. Aibu ilikuwa inamkaa kifuani akila, akisali, akicheka na wateja. Siku mbili baada ya mazishi alinunua boliti yenyewe, mpya, saizi kamili. Ilikuwa bado ndani ya kopo la misumari. Kuitupa alishindwa, na kuiweka kwenye gari la mtu mwingine pia alishindwa.

Akawasha tochi, akafungua mlango wa dereva. Dereva alikuwa ameshahamia kiti cha pembeni, kofia ya koti la mvua imemfunika uso. Kiti alichokiacha kilikuwa kimelowa chepechepe.

Nyuma alikaa bibi, amejitanda kanga hadi puani.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akainamisha kichwa tu.

Erasto akashika usukani kwa mikono miwili, akauinua. Shina lote likapanda na kushuka, *kra... kra...* Hizo ni nati za chini ya dashibodi, alijisemea, hiyo si kazi. Akauzungusha kushoto, huku anachungulia tairi la mbele. Tairi halikutikisika. Akazungusha tena, robo nzima. Tairi likakaa vilevile.

Basi ni jointi.

Akapiga magoti kwenye tope, akaingiza kichwa na mkono chini ya dashibodi. Kabla hajamulika, alisikia kitu nyuma yake. Sauti ndogo ya maji yakisogezwa ndani ya mdomo, kutoka shavu hili kwenda lile.

Akageuka. Kanga ilikuwa imeshuka kidogo. Mashavu ya bibi yalikuwa yamejaa.

Erasto alikulia Matwebe na alijua anachokiona. Kwao, mtu aliyekosewa anakaa na aliyemkosea. Mkosaji anasema kosa lake wazi. Aliyekosewa anajaza maji mdomoni, na kama moyo wake umeridhika anayapuliza chini, *pfuuu*, hasira inatoka nayo na maisha yanaendelea. Alishaona wazee wakifanya hivyo akiwa mdogo. Ila asipoyapuliza akayameza, amemeza na hasira. Ameondoka nayo, na mkosaji asitegemee kupona.

"Bibi ana nini?" alinong'ona.

"Anasubiri," dereva akajibu.

Erasto akarudisha macho chini haraka. Alitaka kazi iishe, gari liondoke, aende zake kununua chumvi. Akamulika jointi.

Boliti ilikuwa nyembamba. Imezungushiwa kitambaa. Akakivuta kwa koleo kikatoka kirefu, kimelowa, kijani chenye ndege wa njano.

Kitenge cha Atupakisye.

Tambara lake mwenyewe la kufutia mikono.

Gari la Jacob lilikuwa limekatwa vipande likauzwa kama chuma chakavu. Aliona kwa macho yake likipakiwa. Akabaki amepiga magoti, tope linaingia suruali, na harufu ya udongo imejaa gari zima sasa.

"Umekiona?" sauti ikauliza, karibu sana na sikio lake.

"Nimekiona."

"Aliyefunga hivi ni nani?"

Nyuma, maji yalitulia. Hata matone ya bati yalikoma. Erasto alijua kwamba ameulizwa mara ya pili lile swali la kaburini, na kwamba jibu lake lilikuwa neno moja tu, *mimi*, neno ambalo hata mtoto wa chekechea analiweza. Likapanda hadi kooni. Kisha akafikiria mzee Obed, polisi, wateja, mkewe akipita sokoni watu wakigeuka. Likarudi chini.

"Simjui," alisema. "Mafundi wa barabarani hawa... wanaharibu tu."

*Gubu.*

Alimsikia akimeza.

Akainua tochi. Kanga ilikuwa imeanguka mabegani, na uso ule ulikuwa wa Atuganile, mashavu yamebonyea, macho yamemtazama bila ukali wowote. Alionekana amechoka tu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alifanya nini baada ya hapo, hakukumbuka vizuri. Alikumbuka tu kwamba alikimbilia kopo la misumari, akaiweka ile boliti mpya, akaikaza mpaka spana ikalia, akakaza na nati zote nne za chini ya dashibodi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alipoinuka kusema tayari, mkono wake ulikuwa umeshika hewa, gari halipo. Kwenye tope hapakuwa na alama ya tairi. Koponi boliti haikuwemo.

Asubuhi Atupakisye alimkuta amekaa kitandani na nguo za kazi. "Chumvi hukuleta," alisema, kisha akashusha sauti. "Umesikia? Yule bibi Atuganile amefariki jana jioni."

Erasto alikwenda Kyimo kwa miguu. Msibani watu walikuwa wachache, maana mtu aliyeitwa jina lile haliliwi na wengi. Binti wa marehemu, Tupokigwe, alimpokea mlangoni.

"Wiki nzima hakuinuka kitandani," alimwambia polepole, kama mtu anayetoa taarifa aliyoagizwa. "Jana mchana aliomba maji. Akayaweka mdomoni, akakataa kumeza, akakataa kutema. Nikamwambia mama, tema. Akatikisa kichwa. Magharibi ilipoingia akayameza. Akafa hapohapo."

Erasto akaanguka magoti katikati ya ua. Akasema yote. Boliti, kitambaa, kesho, wiki ijayo. Alisema kwa sauti, mbele ya kila mtu, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kifua kilimlegea kidogo.

Mzee Obed alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwinua kwa mkono.

"Una roho nzuri, fundi," alisema. "Unamhurumia marehemu. Lakini usijitwishe. Gari lilikuwa zima, wewe mwenyewe ulituambia pale kaburini."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akamfuta tope magotini. Erasto alirudia, akaapa, akataja na rangi ya kitenge, nao wakazidi kumbembeleza kama mgonjwa.

Tupokigwe peke yake hakumbembeleza. Alimtazama muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati.

"Kunywa, fundi."

Akanywa. Maji yalikuwa ya baridi mno, yana ladha ya udongo. Yakajaa mdomo, yakafika kooni, yakakataa kushuka. Akajaribu kuyatema. Midomo haikufunguka.

Alizunguka ua mzima kwa macho, mashavu yamejaa, akitafuta nani bado angeweza kumsamehe ili yatoke. Tupokigwe alikuwa ameshageuka kwenda kumwosha mama yake.