Milka na Neno Ruoth

Milka Aloo alikuwa na sufuria moja ya ugali, na kila siku alipika ugali wa watu wawili. Mumewe Boaz alikuwa amekufa miezi tisa iliyopita. Lakini mkono ulikuwa umezoea kupima unga wa wawili, na mkono hausikii habari za matanga. Milka alikula nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa kiporo chake cha asubuhi.

Aliishi kisiwani Mfangano, katika Ziwa Victoria. Kazi yake ilikuwa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Wanawake wenzake walianika pamoja wakipiga soga. Milka alianika kando, peke yake. Alikuwa amekataa kurithiwa, yaani kuchukuliwa kuwa mke, na shemeji yake, Zadock, na kwa desturi ya pale mjane wa namna hiyo haingii ovyo katika maboma ya watu. Hakuna aliyemtukana. Walinyamaza tu. Mtu akinyamaziwa siku nyingi huanza kuzungumza na omena, na Milka alikuwa ameshaanza.

Jumanne moja Zadock alikuja na karatasi.

"Nyar Migori," alimwita. Waluo humwita mke kwa jina la alikozaliwa, na Milka alizaliwa Migori. "Tunataka kufungua kesi ya mirathi ya ndugu yangu. Naibu wa chifu ameandika barua yake ya korti. Hii nyingine ni yako. Ijumaa asubuhi ukuje ofisini, uweke kidole."

"Imesema nini?"

"Ni mambo ya serikali. Ruoth ameshakubali. Wewe utapinga ruoth?"

Neno hilo lilimfanya aipokee karatasi. Kwa Kijaluo chifu huitwa ruoth. Naibu wake naye huitwa hivyo akipenda kusifiwa, na huyu alipenda sana. Lakini kanisani, Mungu naye ni Ruoth. Tangu utotoni Milka alipiga magoti akisema Ruoth, kisha akaenda barazani akasema ruoth. Moyoni mwake wawili hao walikuwa wamekaa kiti kimoja. Akimpinga mmoja, amemkosea mwingine.

Alasiri alikwenda ngumbaru, yaani darasa la watu wazima. Mwalimu alikuwa Roselyn Mokeira, Mkisii aliyesomea mambo ya dini Migori kabla ya kuletwa kisiwani. Kijaluo chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo yeye na wanafunzi wake walizungumza Kiswahili. Wenzake walipoondoka, Milka alibaki.

"Mwalimu, nisomee hii karatasi."

"Sikusomei. Unajua kusoma. Anza."

Milka aliweka kidole chini ya maneno. "Mimi... Milka... sina... haki. Sina haki kwa shamba la Boaz. Nimekubali ku... kurudi... kwetu Migori."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alikuwa ameandika kabisa.

Milka alilia. Migori wazazi wake walikuwa wamekufa. Kaburi la Boaz lilikuwa hapa, hatua ishirini kutoka mlangoni. Akiondoka hapa, hana pengine pa kwenda.

"Basi usiweke kidole," Mokeira alisema.

"Nitakuwa nimetenda dhambi. Ruoth amesema."

"Ruoth gani?"

"Naibu wa chifu."

"Na yule wa kanisani?"

"Yeye pia ni Ruoth."

Mokeira alicheka kidogo. "Usidhani nawacheka nyinyi. Hata Kiswahili kina shida hiyo. Bwana Mungu. Bwana chifu. Bwana wa nyumba."

"Bwana wa nyumba tumemzika," Milka alisema.

Mokeira akaacha kucheka. Alisogeza kiti karibu.

"Pole, dada. Sikiza. Shida yako ni ya zamani sana. Wakristo wa kwanza waliishi chini ya Kaisari. Kwa lugha yao, Kaisari aliitwa Bwana, na Yesu aliitwa Bwana. Neno lilikuwa moja, kama ruoth."

"Walifanya nini?"

"Walilipa kodi. Walimwombea Kaisari. Lakini walipoambiwa wamfukizie ubani kama mungu, wengi walikataa. Walisema, huyu ni mtawala, tunamheshimu, lakini yeye pia ana mkubwa wake. Akiacha haki, ataulizwa."

"Na Kaisari akakubali?"

"Wapi! Aliwafunga, akawaua. Lakini wazo halikufa. Baadaye walimu wa kanisa, wengine wao Waafrika wa kaskazini, waliandika kwamba utawala usio na haki ni wizi mkubwa tu. Watu wengi wameshika wazo hilo wakiandika juu ya siasa: mtawala ana mipaka. Si Wakristo peke yao waliosema hivyo, na kanisa lenyewe limesahau mara nyingi. Lakini leo hata Katiba yetu inasema mwenye cheo ni mtumishi wa watu."

Milka alifuta macho. "Hao walikuwa wanaume wenye elimu. Mimi ni mtu wa omena."

"Mmoja alikuwa msichana wa kaskazini mwa Afrika. Alifungwa akiwa na mtoto mchanga. Akaandika mwenyewe gerezani: mimi niliona hili, mimi niliogopa hili. Wakati huo vitabu vingi vilikuwa vya wafalme na vita. Watu kama yeye walionyesha kwamba moyo wa mtu wa kawaida unafaa kuandikwa. Ule ushuhuda mnatoa Jumapili, umetoka mbali."

"Na sheria inasema nini?"

"Sheria inasema mjane ni mrithi, awe na mtoto au hana, awe amerithiwa au amekataa. Barua ya chifu inataja tu watu walioachwa na marehemu. Kugawa ni kazi ya korti. Ukiachwa nje, unaweza kupinga kortini. Sasa shika kalamu. Anza na 'mimi'."

Waliandika mpaka jua likaanza kuinama. Milka alikosea, akafuta, akaandika tena. Alhamisi walivuka ziwa hadi mji wa Mbita, wakapeleka nakala kwa naibu kamishna wa kaunti.

Ijumaa asubuhi Milka aliingia ofisini. Naibu wa chifu, Mzee Willis, alikaa nyuma ya meza. Zadock alisimama dirishani. Kidau cha wino kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Karibu, Nyar Migori. Weka kidole hapa."

"Siku hizi naandika, Mzee Willis."

"Mzee Willis?" Hakuwa amezoea.

"Nakuheshimu. Ukiita baraza nitakuja. Lakini Ruoth wangu ni mmoja."

Akafungua karatasi yake, akasoma polepole, silabi kwa silabi. "Mimi Milka Aloo ni mjane wa Boaz. Niliishi naye miaka kumi na minne. Nilimwosha alipougua. Nimebaki peke yangu, lakini nipo. Naomba jina langu liandikwe. Nakala iko kwa naibu kamishna."

Zadock alitazama nje. Mzee Willis aliichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe. Kisha akafunika wino, akaandika barua mpya. Jina la kwanza lilikuwa la Milka. Labda aliona aibu. Labda aliogopa ile nakala. Mimi nadhani ni nakala.

Kesi ilichukua miezi mingi. Mwishowe korti ilimtambua Milka kuwa mrithi, akabaki katika boma lake, karibu na kaburi la Boaz. Lakini ufukweni wanawake waliendelea kunyamaza. Korti haiwezi kumwamuru mtu akusalimie. Milka aliendelea kuanika kando, na kupima unga wa wawili.

Siku moja adhuhuri mtu alibisha hodi. Tangu Boaz azikwe hakuna mwanamke wa pale aliyebisha. Alikuwa Helen, mjane wa upande wa pili wa kisiwa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa.

"Wamesema niweke kidole," alinong'ona. "Wamesema ruoth ameshakubali."

Milka alifungua mlango wote. Akamvuta ndani kwa mkono.

"Kula kwanza," alisema. "Halafu tutasoma."

Kesho yake asubuhi Milka alifunua sufuria kutafuta kiporo. Hakikuwepo.