Okidi ya Mama Getruda

Matumba yalikuwa bado yamefumba, lakini okidi ilinuka, na harufu yenyewe ilikuwa ya jasho la mwanamume.

Mektilda alinusa tena, akajicheka. Pale Itetemia alikuwa na kitalu cha miche, na maua aliyajua. Hii aliletewa na mama yake mzazi, Mama Getruda, kutoka Sikonge, ikiwa imebanduliwa kwenye mti mkubwa kando ya njia ya zamani ya misafara.

"Ipokee kwa mikono miwili, mwanangu," mama alimwambia. "Uitunze mwenyewe."

Mektilda alifurahi, maana mama hakuwa mtu wa zawadi, hasa kwake yeye. Akaifunga kwa kamba ya katani kwenye gome la mninga, bila udongo, mizizi ipate hewa, akaitundika barazani penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Aliinyunyizia maji alfajiri, akaiacha ikauke. Mizizi myeupe ikachomoza kuelekea juu kama sindano.

Wiki hiyohiyo ikaja habari njema. Mdogo wake, Julieth, ambaye mwaka mzima shingo yake ilikuwa imeinama kwa maumivu yasiyoonekana hospitalini, amepona. Mektilda alilia kwa furaha.

Kisha hatua zikaanza. Zilikuja mchana, jua likiwa kali na mtaa umetulia: miguu mitupu, mizito, ikipanda barazani, halafu pumzi ndefu, na kishindo cha mzigo unaotuliwa. Alipofungua mlango hakuona mtu. Kesho yake mzigo ulitua sebuleni. Mchana mwingine, akiwa amejilaza, harufu ya jasho na ngozi mbichi ilijaa chumbani, hatua zikapita mlango uliofungwa kwa komeo, zikazunguka kitanda taratibu kama za mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu alichokibeba miaka mingi, zikasimama kichwani pake, pumzi ya moto ikamgusa sikio, na kabla hajapiga kelele uzito ukamshukia mabegani, ukamkandamiza shingo mpaka kidevu kikagusa kifua, na haukuondoka tena.

Harufu ile ilikuwa ya okidi, basi aliichukua, akaenda mjini kwa Mzee Mfaume, mganga anayejulikana kwa kutoa majini. Mzee aliitazama okidi, hakuigusa.

"Nani kakupa?" alinong'ona.

"Mama."

"Huyu aliyekukalia alikuwa mpagazi wa misafara. Alifia njiani na mzigo wake, na hajapata pa kuutua kabisa mpaka leo. Ukiuchoma mmea huu, anabaki kwako. Anahama kwa njia moja tu: mmea upelekwe kwa mtu wa damu ileile, naye aupokee kwa mikono yake."

"Kwa hiyo alikuwa kwa Julieth."

"Na hakuna mganga anayemtoa kwa mgonjwa na kumtia kwenye mmea bila kumweleza hayo yule anayeupeleka, binti yangu."

"Kwa hiyo mama alijua."



Mektilda alipanda basi la Sikonge, okidi mapajani. Alimkuta mama yake uani, anachambua maharage. Mama aliiona shingo ya mwanawe iliyoinama, wala hakuuliza amepatwa na nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ulijua?"

Mama Getruda alichambua punje mbili tatu. "Wewe una nguvu tangu utotoni," akasema kwa sauti ya chini. "Julieth angekufa."

"Na mimi?"

Mama akarudi kwenye maharage yake. Mektilda akamnyooshea okidi. "Basi ipokee wewe, mama. Damu yetu ni moja."

Mama Getruda akaficha mikono yake nyuma.

Wakati huo Julieth akatoka ndani, shingo imenyooka, uso umejaa kicheko. "Jamani, dada! Ua zuri hilo! Nipe nilishike."

"Usishike!" mama alipiga yowe.

Julieth alishtuka, mikono ikiwa bado imenyooshwa. Hakujua lolote, Mektilda aliliona hilo machoni mwake. Vidole vilikuwa vimekaribia kabisa kugusa gome. Akaivuta okidi kifuani, akageuka, akaondoka bila kuaga, na nyuma yake mama alimwita Julieth arudi ndani.

Njiani alikutana na msichana aliyejitwisha ndoo ya maji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Msichana akainua macho, akatazama juu ya bega la Mektilda, akakunja goti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, babu."

Karibu kabisa na sikio la Mektilda, sauti kavu ikaitika, "Marahaba, mjukuu wangu."