Chuo Kisichopima Mtu

Mimi ni fundi cherehani, na si mwepesi wa kuamini. Nguo ikiletwa kwangu, kwanza naigeuza ndani nje. Kwa nje kila nguo ni nzuri. Ndani ndiko kwenye uzi uliolegea na mshono wa harakaharaka. Mke wangu husema hata watu nawageuza hivyohivyo.

Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Asubuhi, pacha wetu wakishaenda shule, mke wangu huvaa koti lake la kijivu, hunywa chai akiwa amesimama, kisha huenda kazini. Yeye ni msimamizi wa ghala la vipuri vya mashine. Alianza kwa kubandika lebo kwenye maboksi. Akasoma stashahada ya ugavi jioni jioni, akapandishwa cheo. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili, na hakuna nati katika ghala lile asiyoijua iliko.

Basi wiki moja nilianza kuona mambo. Simu yake ikiita, anatoka nayo hadi uani, nyuma ya kamba za nguo. Siku ya pili nikasogea dirishani, eti natafuta sindano. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, Daktari. Hapana, hajui. Nitamwambia mambo yakishakuwa tayari."

Siku ile nilishona mkono wa kulia wa shati mahali pa mkono wa kushoto. Daktari gani huyu? Kama ni ugonjwa, mbona simwoni akinywa dawa? Kama si ugonjwa, mbona Daktari anapiga kila siku? Wivu ulinishika, nasema kweli. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikawa nanusa koti.

Jumanne aliniachia koti hilohilo nilitie bitana mpya kwa ndani. Nikaligeuza ndani nje. Mfukoni mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua.

"Hongera. Umekubaliwa kusoma Shahada ya Uzamili ya Biashara. Muda ni wiki sita. Hakuna mtihani. Uzoefu wako wa maisha unatosha. Lipa ada ya usajili kabla ya Ijumaa. Wako, Daktari."

Kwanza nilicheka peke yangu kwa nafuu niliyoipata. Halafu kicheko kikakatika. Mke wangu hana shahada ya kwanza. Hii ya uzamili imetoka wapi?

Aliporudi jioni, karatasi ilikuwa juu ya meza. Aliitazama, akanitazama.

"Umeanza kunipekua, Baba Pacha?"

"Nilikuwa natia bitana."

"Bitana inatiwa mfukoni?"

Akavuta kiti, akanieleza yote. Meneja wa ghala anastaafu. Tangazo la nafasi yake linataka mtu mwenye shahada ya uzamili ya biashara, au aliyekubaliwa na chuo kuisomea. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao.

"Nimewafundisha kazi mameneja watatu," alisema. "Kila mmoja alikuja na shahada yake, akaniuliza mimi vipuri viko wapi. Na wa nne nimfundishe?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ya mdomo wako."

Na mdomo wangu ukafanya kilekile alichokiogopa. Nilimwambia ghorofa haijengwi kuanzia juu. Asiye na shahada ya kwanza hawezi kusoma ya pili, na anayesema vinginevyo ni tapeli. Nikamwambia aridhike na alichonacho. Neno hilo la mwisho lilimuuma, niliona usoni mwake.

Aliinuka, akafungua droo, akatoa bahasha nyingine. Ilikuwa barua ya chuo kikuu. Ilisema kwamba mtu asiye na shahada anaweza kufikiriwa. Lakini alete vyeti vyake halisi. Alete barua ya mwajiri na maelezo ya kazi alizofanya. Afanye mtihani, kisha aje kwenye usaili. Hata akifaulu, ataanza na stashahada ya uzamili, mwaka mzima, ndipo aingie uzamili wenyewe.

"Hawa niliwaacha," alisema. "Wananihoji kama mwizi. Daktari anaongea nami vizuri."

"Hao ndio wabaya zaidi," nikasema. "Anayeuliza sana ana lake jambo. Vyeti vyako wanavitakia nini?"

Akaziacha barua zote mbili mezani, akaenda kulala.

Jumatano alikuja Mama Faili, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya kudahili wanafunzi ya chuo kimoja. Mafaili yote yalipita mikononi mwake. Alileta sketi inayombana kiunoni.

"Sketi imerudi kwa kufuliwa, fundi."

"Sketi haijarudi, shemeji. Wewe ndiye uliyeendelea."

Alicheka, akainua mikono nimpime. Lakini macho ya mtu wa mafaili hayapumziki. Barua zote mbili zilikuwa bado mezani. Akazisoma palepale, huku futi yangu ikiwa imemzunguka kiunoni.

"Mnachagua ipi?"

"Hatuchagui," nikasema. "Mtu hawezi kusoma uzamili bila shahada."

"Nani kakwambia?"

"Akili yangu."

"Akili yako ishone nguo. Inawezekana, ila si kila mahali, wala si kwa kila mtu. Vipo vyuo visivyokubali kabisa. Vipo vinavyompokea mtu mwenye stashahada na miaka mingi ya kazi, lakini lazima vimjaribu kwanza. Ni mlango mwembamba, fundi, lakini upo."

Nilimtazama vizuri. "Na wewe chuo hiki kinakupa nini ukikipelekea watu?"

Mke wangu alikohoa jikoni kwa aibu. Mama Faili hakukasirika. "Hakinipi kitu. Mimi nilikuwa chuo kingine. Lakini umefanya vizuri kushuku. Hata mimi usiniamini. Ila shuku kwa utaratibu." Akaishika futi. "Hebu niambie, hii unanizungushia ya nini?"

"Nisipokupima nitajuaje ukubwa wako?"

"Na fundi akikupa nguo kabla hajakupima, amemshonea nani?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisema polepole, "Daktari hajaniuliza hata ninafanya kazi gani."

Mama Faili akakaa, sasa akazungumza naye. "Kesho pigeni simu ofisi ya serikali inayosajili vyuo vikuu. Namba msiichukue kwenye barua. Barua ya tapeli hubeba namba ya tapeli. Itafuteni kwenye tovuti ya ofisi yenyewe, au nendeni kwa miguu yenu. Ulizeni kama chuo kimesajiliwa. Ulizeni tena kama masomo hayo yameidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali na masomo yasiwe halali. Kisha mwulize mwajiri wako, kwa maandishi, kama anaikubali njia hii. Usije ukasoma miaka mitatu, ukaambiwa cheti chako hakitakiwi."

Asubuhi tulipiga, simu ikiwa juu ya cherehani ili sote tusikie. Karani wa ofisi ile alitafuta chuo cha Daktari mara mbili. Hakimo. Chuo kikuu kile cha maswali mengi kimo, na masomo yake yameidhinishwa, pamoja na njia ya wasio na shahada.

Nikaomba nimpigie Daktari mimi mwenyewe.

"Mke wangu atafanya mtihani lini?"

"Hakuna haja, mzee. Mkeo ana kipaji. Kipaji hakipimwi."

"Nani atamfundisha?"

"Mzee, nafasi zinakwisha. Ijumaa ni kesho."

Nikakata simu. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa ameipenda ile barua, kwa sababu ilikuwa barua ya kwanza kumwambia anatosha.

Ofisa utumishi wa kazini kwake alijibu kwa maandishi. Chuo kilichosajiliwa kinakubalika, kwa njia yoyote iliyoidhinishwa. Atakayeleta cheti cha kughushi atafukuzwa kazi na kushtakiwa. Mke wangu aliyasoma maneno hayo mara mbili, akakaa chini. "Ningepoteza hata hiki nilichonacho," alisema.

Akapeleka kila kitu chuo kikuu kilichotaka. Kwa wiki tatu pacha wetu walimwuliza maswali ya hesabu wakati wa chakula, na walimcheka bila huruma. Kwenye mtihani, katika hesabu alizidi kiwango cha kufaulu kwa alama mbili tu. Kwenye usaili aliulizwa kuhusu ghala, na hapo, alisema, wao ndio waliochoka kusikiliza. Barua ya kukubaliwa ilifika siku nne kabla ya maombi ya kazi kufungwa.

Kazini hawakumpa umeneja moja kwa moja. Walimwambia akaimu mpaka amalize ule mwaka wa kwanza. Ulikuwa mwaka mgumu. Nilijifunza kupika, na pacha walijifunza kunyamaza na kula. Katikati ya mwaka vyeti vya wafanyakazi vilikaguliwa. Mtu mmoja wa idara ya usafirishaji alikuwa na shahada ya uzamili ya wiki sita, na chini yake kulikuwa na sahihi ya Daktari. Aliondoka siku ileile na boksi lake la vitu. Mke wangu alirudi akanisimulia, kisha hakula.

Wiki iliyopita matokeo yalitoka. Amefaulu, anaingia uzamili. Siku iliyofuata alithibitishwa kuwa meneja wa ghala. Siku hizi chuo kikipiga simu haendi uani tena.

Jana nilinunua kitambaa cha bluu cha koti jipya. Nikachukua futi, nikamwita.

"Unanipima tena?" aliuliza. "Vipimo vyangu si unavijua?"

"Nilidhani navijua," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akanyoosha mabega, nikaanza kumpima upya.