Matairi Hayakulia

“Baba, nenda ukapime maji ya mvua kwenye njia ya ndege. Kaka Nadir yumo kwenye ndege inayokuja kutua.”

“Kumbe siku hizi mkaguzi ni wewe? Koroga supu yako ya shorba, Zoulikha.”

Baba yake ndiye aliyekuwa mkaguzi wa njia ya ndege iliyokuwa kando ya nyumba yao. Bila kuinuka mezani, aliwaambia wa mnara wa kuongozea ndege kwa redio kwamba imelowa kidogo tu.

Zoulikha, rafiki yangu, aliniapia haya. Umeme ulikatika. Gizani wakasikia ndege ikigusa chini, lakini matairi hayakulia. Iliteleza juu ya maji mpaka kikasikika kishindo baharini.

Baba bado alikuwa na kijiko mkononi mlango ulipogongwa. Maji yenye harufu ya bahari yakapenya chini ya mlango. Sauti iliyoita kutoka nje ilikuwa ya Nadir.

“Baba, njoo upime sasa. Yamenipita kichwa.”